Mstari Mmoja Juu ya Namba Themanini na Nane

Mlio ninaoukumbuka mpaka leo ni ule wa sumaku ikirukia nondo ya dirisha. Ta! Mara moja tu. Sumaku yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi kipande cha sabuni kilichobaki kwenye kisahani. Fundi mmoja wa Mbezi Luis ndiye aliyeichomoa kwenye kompyuta mbovu. Lakini ikikaribia chuma ilikuwa haishikiki. Mama Maabara akimaliza kupima alinyoosha mkono dirishani, akalegeza vidole, ikaruka yenyewe. Hapo nyumba nzima ya wapangaji, kule Kibamba, tulijua ruksa imetoka: fungua milango, washa feni, kohoa.

Kabla ya mlio huo tulikuwa hatukohoi.

Jina lake nalijua ila silitaji. Tulimwita Mama Maabara kwa sababu alitunza maabara ya sekondari yetu miaka mingi, akiosha mirija ya kioo, akichanganya dawa, akiwaandalia walimu meza. Mtu akimwita mwalimu alimkatiza palepale. "Walimu wanafundisha. Mie naosha." Alilisema kwa majivuno, lakini ukimtazama vizuri uliona na kidonda. Nilimkuta shuleni nikiwa kidato cha pili, na alipostaafu akaja kupanga uani kwetu, chumba cha mwisho, karibu na tanki la maji. Wakati huo nilishamaliza kidato cha nne, kwa matokeo ya kuficha chini ya godoro. Hakuniuliza nimepata nini. Aliniuliza kama mwandiko wangu bado unasomeka.

Mwandiko wake yeye ulikuwa umeanza kutetemeka. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na alikuwa na ndoto: kitabu kidogo kwa ajili ya shule zisizo na vifaa. Vitu mia moja vya nyumbani, na jinsi kila kimoja kinavyoitika sumaku. Vitabuni jambo hilo lina jina refu la Kiingereza ambalo mpaka leo linanikwama ulimini. Yeye aliliita kuitika, basi. Nikawa mwandishi wake. Mbele za watu alisema, "Huyu msaidizi wangu," nami nikatembea siku nzima kama nimevaa koti jeupe. Nilishajiona chuoni. Nilishachagua hata viatu.

Watu wanadhani sumaku inajuana na chuma tu. Hata mie. Siku ya kwanza nilichukua kifuniko cha sufuria, cha alumini, nikakigusisha, nikatangaza kwamba hiki hakina habari. Alinitazama kama nimemsengenya mtu aliyepo.

"Usiseme hakiitiki," akasema. "Sema hujasubiri."

Chombo chake kilikuwa sanduku la kioo, zamani la kufugia samaki, limemeguka pembe moja. Juu alilaza ubao, kwenye ubao akafunga uzi mwembamba wa nailoni, na uzi ukaning'iniza kijiti cha mwanzi katikati kama mizani. Ncha moja kinakaa kitu kinachopimwa, ncha ya pili kipande cha mshumaa au kijiwe cha kukilinganisha nacho. Halafu unasubiri. Kijiti kinazunguka, kinarudi, kinasita, kinazunguka tena. Inaweza kupita nusu saa. Uzi ukishatulia kabisa, hapo ndipo unaipitisha sumaku kwenye ile pembe iliyomeguka, polepole, mpaka karibu na kitu chako bila kukigusa.

Tulianza na nyanya ndogo. Sumaku ilipoikaribia, nyanya ikaondoka. Taratibu, kwa adabu, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi kumpisha mwingine. Nilijifunika mdomo na kanga nisipumulie kioo. Alinieleza kwamba ni yale maji yaliyomo ndani. Maji yanaikimbia sumaku, sema yanakimbia kwa kunong'ona. Tukaweka alumini yangu ya jana, kipande kidogo: kikaja. Shaba ikajitenga. Mrututu, yale mawe ya buluu, ukaja, ingawa ndani yake imo shaba ileile, na hapo Mama Maabara alifurahi kama mtoto aliyeachiwa mwiko wa keki. Shaba ikiwa peke yake inakimbia, alisema, ikishaungana na wenzake ikawa kitu kingine, inakuja. Unga mweusi wa betri ya redio ulikuja mbio. Chumvi, sukari na mshumaa vilijitenga.

Dereva wa bodaboda aliyepanga chumba cha mbele akaona hayo, akaingiza kichwa mlangoni kuomba na yeye apimwe, maana wanawake hawamwitiki. "Wewe ni nyanya," Mama Maabara akamjibu bila kugeuka. Mpaka anahama, uani tulimwita Nyanya.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Kwenye foleni ya maji aliruka watu watano na ndoo yake akisingizia magoti, na magoti hayohayo yalicheza kwaya Jumapili nzima. Sukari aliipima kwa kijiko cha maabara. Umri wake ulipungua kila ulipomuuliza. Na huyu huyu aliyetufundisha kutoamini kitu mpaka uzi utulie, radi ikipiga Kibamba alikuwaga wa kwanza kufunika kioo cha kujitazamia kwa kitenge, kisha anakaa kitandani miguu juu. Nikamuuliza hiyo nayo ameipima. Akasema kuna vitu mtu hapimi, anafunika tu.

Sheria zake zilikuwa mbili, na hizo hazikuwa na masihara.

Ya kwanza ilihusu chuma. Chuma, alisema, ni mpiga kelele. Chembe moja yake inasemea kilo nzima ya kitu kingine. Ukipima fedha yenye vumbi la chuma, umepima vumbi, fedha hukuisikia. Kwa hiyo hatukukata kitu kwa kisu, tulikata kwa kipande cha kioo. Kila madini yalilowekwa kwenye maji ya limau, yakasuuzwa kwa maji ya kuchemsha. Mwisho alinishika mkono, akachukua pindo la kanga yake, akanipangusa vidole kimoja kimoja, mpaka chini ya kucha. Alifanya hivyo kila siku, hata kama nimetoka kuoga. "Leo umeshika kufuli," alikuwa akisema, na kweli nimeshika.

Ya pili ilihusu daftari. Daftari halifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, mwembamba, kilichoandikwa chini kiendelee kusomeka, halafu pembeni unaandika sababu na jina lako. Kwenye namba kumi na mbili nilikosea nikakwangua kwa wembe, nikadhani nimefanya kazi safi. Aliliinua daftari juani, akaona mwanga ukipita pale nilipokwangua. Hakunisemesha siku mbili.

Sasa bangili.

Aliivaa mkono wa kushoto, bangili pana ya fedha iliyochongwa maua, na kwenye mifereji ya maua ilikuwa imeingia weusi wa miaka. Ilitoka kwa marehemu mumewe. Kuhusu huyo mume hakuwa na simulizi nzuri hata moja. Alimdanganya kuhusu kazi, kuhusu safari, kuhusu kiwanja ambacho walipokwenda kukiona wakakuta mtu mwingine ameshapaua. Alizisimulia kwa kucheka, huku anamenya vitunguu, kisha akaigeuza bangili mkononi na kicheko kikaisha. "Alinikabidhi akaniambia ni fedha tupu ya sonara," akasema. "Katika yote aliyoniambia, hii ndiyo kweli yake."

Nadhani mtu anahitaji kitu kimoja tu cha kushikilia ili asijione amepoteza ujana wake. Yeye alikuwa na hicho.

Tulipofika namba themanini na saba mikono yake ilianza kuvimba. Asubuhi moja aliivua bangili kwa sabuni, kwa tabu, akaiweka kwenye rafu, akaenda zahanati. Nikabaki nayo. Nikaona nimfanyie jambo. Nikachukua stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, nikaisugua bangili ile mpaka jasho likanitoka. Weusi ukang'oka kwenye petali moja baada ya nyingine. Mwisho nikaipitisha kwenye limau, haraka haraka, ing'ae. Nilikuwa naimba. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba nilikuwa naimba.

Aliporudi aliipokea kwa mikono miwili. Aliisogeza mwangani, akaigeuza, akacheka cheko ambalo sikuwahi kulisikia, la msichana. Kisha akasema, kwa kuwa imeshatoka mkononi, basi iwe namba themanini na nane, watoto wa shule waone fedha halisi inavyojitenga na sumaku. Akavuta kanga, akanipangusa vidole.

"Umesafisha na nini?"

Nikajibu, "Limau."

Haikuwa uongo mtupu. Ndiyo maana ilitoka kirahisi. Nilijua stilwaya hairuhusiwi, nikaogopa atanikaripia na lile cheko litaondoka usoni mwake. Nikasema moyoni, limau limepita, yatosha.

Tukaning'iniza. Tukafunga mlango. Uzi ulichukua muda mrefu kutulia kwa sababu ya uzito wa bangili, naye alikaa kwenye kigoda mikono mapajani, anatabasamu kabla ya wakati. Sumaku ikaingia pembeni. Na bangili ikaja. Haikuja kwa kunong'ona kama alumini. Ilikuja na kijiti kizima kikageuka.

Alirudisha sumaku nyuma. Akasubiri. Akarudia. Ikaja. Mara ya tatu hakusubiri uzi utulie, na hiyo ndiyo mara pekee nilimwona akivunja utaratibu wake mwenyewe.

"Andika," akasema.

"Niandike nini, mama?"

"Ulichokiona."

Nikaandika: 88. Bangili. Inavutwa sana. Siku ile hapakuwa na ta. Sumaku aliilaza mezani, juu ya kitambaa, akaifunika.

Ningeweza kusema palepale. Sentensi yenyewe ni fupi kuliko hii ninayoiandika. Lakini niseme ukweli, stilwaya haikunijia akilini kama sababu. Ilinijia kama kosa langu la kukaripiwa, nami nikashukuru kwamba hajaligundua. Nilimhurumia kwa jinsi mumewe alivyomfanyia. Jioni nilimpelekea uji, nikamwambia wanaume ndivyo walivyo. Mie, mtoto ambaye hata mchumba sina.

Naye hakubisha. Mtu aliyebishana na kila mtu, na mchungaji, na mwenye nyumba, na bei ya nyanya, hapa hakubisha. Nafikiri uongo ule wa mumewe alikuwa ameusubiri miaka mingi. Ulipobisha hodi aliufungulia mlango bila kuuliza nani. Yule mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mkokoteni wake, Mama Maabara alitoka na bangili akaitupia kwenye gunia la shaba na vitasa. Hakutaka hata shilingi. Jamaa akauliza, "Bibi, una uhakika?" Akamjibu kwamba imeshapimwa.

Daftari halikuendelea. Vitu mia moja vikaishia themanini na nane. Miezi michache baadaye akapata kiharusi, mwanawe wa kike akaja kumchukua akampeleka kwake Segerea, na chumba kile akapangishwa mtu wa vipodozi. Mie nikapata kazi Mbezi Luis, jirani na kituo kikubwa cha mabasi, kwa mama lishe. Naosha masufuria. Nikichoka hujiambia na Mama Maabara alianza kwa kuosha.

Nilikuwa na sumaku yangu, ndogo kabisa, aliyonipa yeye kutoka kwenye spika ya redio. Niliibandika kwenye bati la kibanda kushikia karatasi za oda. Mwezi uliopita iliponyoka ikatumbukia kwenye beseni la kuoshea. Nikazamisha mkono, nikaitoa, nikaona imeota ndevu. Nywele fupi fupi za chuma, zimesimama pande zote. Nikatazama mkono wangu mwingine. Ulikuwa umeshika stilwaya.

Bosi wangu alidhani nimeungua. Aliniita mara tatu sikuitika.

Nilikwenda Segerea siku hiyohiyo, na aproni. Dada, mwanawe, alinikaribisha kwa upole akanionya mlangoni: mama hasemi tena, limebaki neno moja tu. Akitaka chai, neno hilo. Akitaka kugeuzwa, hilo hilo. Madaktari wamesema hutokea.

"Neno gani, dada?"

"Limau," akasema. "Tunamkamulia, hanywi. Anasukuma kikombe. Sasa mdogo wangu, mtu anadai limau kutwa nzima na akipewa hataki, tumfanyeje?"

Alikuwa kwenye kiti cha plastiki chenye mito, ukumbini, mkono wa kulia umelala kama wa mtu mwingine. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo. Alinitazama muda mrefu.

"Limau," akasema. Mwishoni sauti ilipanda kidogo, kama inavyopanda unapouliza.

Hapo ndipo nilipolia, kabla hata ya kusema nilichokwenda kusema. Nikamwambia kwa mafungu, kamasi zinanitoka. Kwamba sikuanza na limau. Kwamba nilianza na stilwaya, kwenye maua, kwa nguvu, na limau nililipitisha tu juu juu. Kwamba kile kilichokuja kwenye sumaku huenda ni vumbi langu. Kwamba huenda mzee hakudanganya. "Huenda, mama. Sijui. Bangili haipo, siwezi kuipima tena. Ila kipimo kile kilikuwa kibovu, na kibovu ni mie."

Nilisubiri. Feni ya dari ilikuwa inazunguka, nikatamani mtu aizime. Kama kuna mahali nimewahi kusubiri uzi utulie ni pale, na sikuona kitu. Hakutikisa kichwa. Hakulia. Hata lile neno lake moja hakulisema.

Baadaye sana, mkono wake wa kushoto ukaondoka pajani. Ukatafuta pindo la kanga, ukalikosa, ukalipata. Akanishika kidole gumba. Akakipangusa. Kisha cha pili. Alifanya vidole vyote kumi, kwa mkono mmoja, polepole, mpaka chini ya kucha, na alipomaliza akaniachia akageuza uso dirishani.

Sijui maana yake. Dada alisema labda ni mazoea, mwili unakumbuka. Inawezekana. Inawezekana alikuwa ananisamehe, na inawezekana alikuwa ananiambia nilipaswa kuoshwa hivi siku ile. Nimejaribu kuchagua ile inayonifaa, nikaona huo nao ni uongo wa limau.

Wakati naondoka dada alinipa daftari, akisema hapa panya watalimaliza.

Nililifungua kesho yake asubuhi, peke yangu, kabla ya kwenda kazini. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Mwandiko wangu wa wakati ule, mviringo, wa kujisifu. Nilinawa mikono kwanza. Nilichukua rula, nikapiga mstari mmoja mwembamba juu ya Inavutwa sana, kiasi kwamba bado yanasomeka. Pembeni nikaandika: Kipimo hiki hakifai. Bangili ilisuguliwa kwa stilwaya, nami nikasema limau. Nikaandika jina langu lote.

Sikuandika kwamba ilikuwa fedha. Nilitamani sana.

Nikaliacha daftari wazi mezani mpaka wino ukauke.